Kilimia usoni mwa gari: Subaru, injini iliyolala na watu wasioiacha

Simama Buzuruga, Mwanza, asubuhi, magari yanapoingia mjini kutoka Igoma na Nyakato, halafu ufumbe macho. Toyota IST inapita kama cherehani. Toyota Noah inapita kama cherehani kubwa. Kisha inakuja sauti nyingine, ya kugugumia, du-du-du, du-du-du, kama mzee anayesafisha koo kabla ya kusema neno. Huna haja ya kufumbua macho: hiyo ni Subaru, na ina turbo, kile kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini. Mwenye nayo atakwambia anaipendea sauti hiyo kabla hajataja sifa nyingine. Fundi naye, ukimuuliza kwa nini kubadilisha plagi za gari hilo ni ghali kuliko za IST, atafungua boneti na kukuonyesha chanzo kilekile. Injini imelazwa.

Vijiweni Mwanza ubishi wa Subaru hauishi. Hawa wanasema hakuna gari linaloshika barabara kama hilo. Wale wanasema linakula mafuta, linakula hela, na siku likichemsha utaliuza kwa bei ya vyuma chakavu. Wanabishana kana kwamba lazima mmoja wao awe mwongo. Kwangu mimi wote wanasema kweli, kwa sababu sifa na gharama za gari hili zimezaliwa tumbo moja. Kulielewa inabidi turudi nyuma hadi enzi za ndege.

Lakini jina kwanza. Subaru ni jina la Kijapani la kundi la nyota ambalo sisi tunaliita Kilimia, zile nyota ndogo zilizosongamana ambazo wakulima walizitazama kujua msimu wa kushika jembe. Jina letu limetoka kwenye kulima, na Waswahili wa pwani wana msemo wao wa siku nyingi: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Jina la Wajapani linabeba maana ya kukusanyika pamoja. Tazama nembo ya gari: nyota sita, moja kubwa na tano ndogo. Nimekutana na watu walioendesha Subaru miaka na miaka wakidhani ni pambo tu, au daraja la ubora kama lile la hoteli. (Nyota sita, hoteli gani hiyo?)

Mwaka 1917, Chikuhei Nakajima, aliyekuwa ofisa wa jeshi la majini, alianzisha karakana ya kuunda ndege mjini Ota, katika mkoa wa Gunma, kaskazini magharibi mwa Tokyo. Karakana ikakua ikawa moja ya kampuni kubwa za ndege nchini Japan, na ndege zake zilipigana Vita vya Pili vya Dunia. Japan iliposhindwa mwaka 1945 ikakatazwa kuunda ndege. Wahandisi waliozoea kuhesabu kila gramu ya chuma wakabaki na mitambo isiyo na kazi. Mwaka 1946 wakatoa pikipiki ndogo iliyoitwa Rabbit, na zile za mwanzo zilivishwa magurudumu ya mkia ya ndege za mabomu yaliyokuwa yamebaki ghalani. Mwaka 1950 kampuni ikavunjwa vipande 12. Mwaka 1953 vitano kati ya vipande hivyo vikaungana chini ya kampuni mpya, Fuji Heavy Industries. Hesabu sasa zile nyota: mpya moja, za zamani tano. Mkuu wa kampuni, Kenji Kita, ndiye aliyechagua jina la Subaru kwa gari lao la kwanza katikati ya miaka ya 1950. Jina la Fuji liliendelea kukaa kwenye makaratasi hadi tarehe 1 Aprili 2017, kampuni nzima ilipojiita Subaru. Kiwanda bado kiko Ota, na mtaa kilipo unaitwa Subaru.

Gari lao la kwanza kuuzwa kwa wingi, Subaru 360 ya mwaka 1958, tulipite haraka. Lilikuwa dogo, la cc 356, injini ikiwa nyuma, na familia nyingi za Kijapani zilianza nalo. Lilipopelekwa Marekani miaka kumi baadaye, jarida la walaji la Consumer Reports lilitangaza kuwa halifai. Kampuni nyingine ingekata tamaa na soko hilo. Leo zaidi ya nusu ya Subaru zote zinauzwa hukohuko Marekani.

Habari yenyewe inaanza mwaka 1966, na gari lililoitwa Subaru 1000. Aliyeongoza kuliunda ni Shinroku Momose, mhandisi aliyekuwa ameshughulikia injini za ndege enzi za Nakajima. Magari mengi tunayoyaona barabarani yana silinda zilizosimama, zimepangwa mstari mmoja, na injini imekingamishwa kutoka bawa la kushoto hadi la kulia. Pistoni zinapanda na kushuka. Momose alizilaza. Silinda mbili zinaelekea kulia, mbili kushoto, krankshafti, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, iko katikati. Pistoni zinazotazamana zinakwenda nje kwa pamoja na kurudi ndani kwa pamoja, kama mabondia wawili wanaogonganisha glavu kabla ya pambano. Ndiyo maana injini hiyo duniani kote inaitwa bondia. Msukumo wa kulia unaufuta wa kushoto, na mtikisiko unapungua bila kuongeza vyuma vya kuutuliza. Subaru hawakuibuni, iligunduliwa Ujerumani karne ya 19, na Porsche wanaitumia hadi leo kwenye magari yao ya michezo. Subaru ndio waliong'ang'ania kuiweka kwenye gari la kupeleka watoto shule.

Faida ya pili mtu wa ziwani anaielewa bila kuchorewa. Mtumbwi uliopangwa magunia sakafuni unakata mawimbi umetulia. Mtu mmoja akisimama wima katikati, kila aliyemo anashika ubao. Injini iliyolala ni magunia sakafuni. Uzito mkubwa wa gari unashuka karibu na lami, na ndiyo maana Subaru Impreza ikiingia kona kwa mwendo hailali ubavuni kama magari marefu yanavyolala.

Ya tatu ndiyo iliyozaa sifa ambayo wengi wanainunulia. Injini ya namna hii ni fupi, inakaa imenyooka kwa urefu wa gari, giaboksi nyuma yake, vyote kwenye mstari wa katikati. Ukigawa gari kwa kamba toka puani hadi mkiani, kulia na kushoto panakaribia kulingana. Hadi hapo magurudumu ya mbele tu ndiyo yaliyokuwa yakivuta. Kisha kampuni ya umeme ya Tohoku, kaskazini mwa Japan, ikaja na shida yake. Mafundi wake walitakiwa kufika milimani kukagua nyaya wakati wa theluji, na jipu walizokuwa nazo zilikuwa ngumu na za baridi. Walitaka gari la kawaida lenye uwezo wa jipu. Kwa kuwa giaboksi ilikuwa tayari imetazama nyuma, kupeleka shafti hadi magurudumu ya nyuma hakukuhitaji kulivunja gari na kulisuka upya. Mwaka 1972 Leone ya kuvuta kwa magurudumu yote manne ikaingia sokoni, na kampuni haikurudi nyuma tena.

Sisi hatuna theluji. Tuna udongo mweusi wa mbuga, ule ambao kiangazi unapasuka hadi mguu unaingia na masika unageuka sabuni; mtu wa Kwimba au Magu hahitaji kuelezwa. Na ndani ya jiji tuna mawe. Mwanza imejengwa juu ya majabali, na ukiacha barabara kuu kupanda Igogo, Bugarika au Mabatini, unakuta njia za kokoto na miamba zenye mteremko ambao bodaboda wenyewe huomba abiria ashuke. Gari linalovuta kwa magurudumu mawili, moja likikosa mshiko, linazunguka pale lilipo na kurusha mawe. Linalovuta kwa manne linahamishia nguvu kule kulikobaki na mshiko. Kwenye Subaru zenye gia za mkono kazi hiyo hufanywa na difu ya katikati, kigawa nguvu kati ya mbele na nyuma, iliyofungiwa mafuta mazito yanayokaza panapotokea tofauti ya mzunguko. Kwenye nyingi za gia otomatiki hufanywa na sahani za klachi zinazobanwa na kuachiwa kwa amri ya kompyuta. Dereva habonyezi kitu.

Tahadhari hapa, maana wauzaji hupenda kuchanganya mambo mawili. Kushika ardhi ni tofauti na kuwa juu ya ardhi. Forester ina nafasi ya kama sentimita 20 chini ya tumbo, Impreza ina pungufu zaidi. Itapanda utelezi ambao Noah itaukimbia, lakini jabali halina huruma, litagonga sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, vilevile. Hiyo si Land Cruiser.

Turudi kwenye ile sauti. Kwenye Subaru nyingi za zamani zenye turbo, mabomba ya moshi ya silinda za kulia na za kushoto hayalingani urefu kabla hayajakutana. Moshi wa upande mmoja unafika mapema, wa upande wa pili unachelewa, na mdundo unavurugika. Basi. Huko kugugumia ni tofauti ya urefu wa mabomba. Legacy mpya ya mwaka 2003 kwa soko la Japan ilipokuja na mabomba yaliyolingana, turbo ikaitikia vizuri zaidi na mdundo ukatoweka, na kuna wapenzi wa Subaru waliolia kana kwamba wamefiwa. Kijana anayekata sailensa ya Forester isiyo na turbo ili ingurume anaongeza kelele tu. Majirani wa Kiseke wanamfahamu.

Mapenzi yenyewe, kwa sehemu kubwa, yalipandwa na mashindano. Impreza ilitoka mwaka 1992, na mwaka 1995 Colin McRae wa Scotland akatwaa nayo ubingwa wa dunia wa mbio za magari za rali. Timu ikachukua ubingwa wa watengenezaji mara tatu mfululizo, 1995, 1996 na 1997. Richard Burns akawa bingwa mwaka 2001, Petter Solberg mwaka 2003. Sisi wa Afrika Mashariki tuna yetu ya kujivunia: Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. McRae aliyashinda na Impreza mwaka 1997, Burns mwaka 2000. Ila anayenifurahisha zaidi ni Mkenya Patrick Njiru. Mwaka 1993 aliingia Safari na Subaru Vivio, kigari cha injini isiyofika hata cc 700, na akafika mwisho akiwa mshindi wa daraja lake. Wengi wenye magari makubwa walikuwa wameshabaki porini. Wenye Subaru wa Kisumu na Nakuru ukiwagusia hilo, andaa kiti. Mwishoni mwa 2008 kampuni ilijitoa kwenye ubingwa wa dunia, lakini rangi ya buluu yenye rimu za dhahabu inaendelea kupakwa na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa McRae alipokuwa bingwa.

Sasa gereji. Nilikwenda kwa fundi mmoja wa Nyakato, mtu mzima ambaye mikono yake imekolea oili hadi haitakati tena, nikamuuliza anaionaje Subaru.

"Bosi, hili gari halina ubaya. Ubaya ni mtu kulinunua Subaru halafu akalitunza kama Vitz."

Akaniinamisha kwenye boneti iliyokuwa wazi. Plagi za injini iliyosimama ziko juu, unaziona, unazifikia. Za Subaru ziko ubavuni, zimetazama chasisi, na kuzifikia unaondoa betri upande mmoja na boksi la kichujio cha hewa upande mwingine. Dakika ishirini zinageuka saa moja na nusu, na muda wa fundi ni hela. Kuna kazi ambazo kwenye gari lingine zinafanyikia palepale, kwenye Subaru fundi anaona heri atoe injini nzima. Huo ndio ushuru wa kulaza.

Gasketi ya hedi, kizibo kilicho kati ya bloku ya injini na kichwa chake, ndiyo inayoogopwa kuliko yote. Injini za Subaru za cc 2,500 zilizotengenezwa miaka ya 1990 hadi katikati ya miaka ya 2000 zilijulikana duniani kwa gasketi kuvuja, na kwa kuwa hedi ni mbili, moja kila upande, kazi nayo ni mara mbili. Zile za cc 2,000 zisizo na turbo, ambazo ndizo nyingi huku kwetu kwa sababu zilikuwa za soko la Japan, sifa yake kwa jambo hilo ni nzuri zaidi. Anayekwambia Subaru zote zinachemsha amesikia habari nusu. Ila ukijaza maji ya bombani kwenye rejeta badala ya kulanti, maji maalumu ya kupoza injini, kutu itaanza kula mianya midogo ya maji, na hapo usiisingizie Japan.

Halafu mkanda wa taimingi, ule unaooanisha mwendo wa valvu na pistoni. Injini hizo za zamani zinatumia mkanda wa mpira, unaotakiwa kubadilishwa takriban kila kilomita 100,000. Ukikatika, kwenye nyingi kati ya hizo valvu zinagongana na pistoni, na umeshaua injini kwa kosa la kuokoa hela ya mkanda. Gari la mtumba likifika Mwanza na kilomita 98,000 kwenye dashibodi, usifurahie kwamba halijatembea. Jiulize mkanda uliomo ni wa mwaka gani. Kuanzia mwaka 2010 kampuni ilileta injini mpya zenye cheni, na hofu hiyo ikaondoka.

Oili nayo ikaguliwe mara kwa mara, kwani injini hizi nyingi hunywa kidogo kadiri zinavyozeeka. Hapo fundi alinipa somo la kimwanza kabisa: usisome stiki ya oili ukiwa umeegesha kwenye mteremko wa Bugando. Oili inakimbilia upande mmoja, stiki inakudanganya, unaongeza isiyohitajika au unaacha inayohitajika. Shuka hadi mahali tambarare.

Kosa ambalo nadhani linaua Subaru nyingi zaidi hapa ni la tairi, na wala halihusu injini. Magurudumu yote manne yameunganishwa. Ukiweka tairi mpya mbili mbele na kuacha zilizolika nyuma, yale yaliyolika ni madogo kidogo, yanazunguka mara nyingi zaidi, na difu au klachi ya katikati inadhani kuna utelezi muda wote. Inafanya kazi bila kupumzika, inapata moto, inakufa. Kwenye kona kali gari linaanza kukwama kama limevutwa breki ya mkono. Tairi zibadilishwe zote nne, saizi moja, aina moja. Na kama lako ni otomatiki la miaka ya 1990 au mwanzoni mwa 2000, tafuta chini ya boneti kitundu cha fyuzi kilichoandikwa FWD. Ukilazimika kufunga tairi dogo la akiba, chomeka fyuzi hapo na gari litavuta kwa magurudumu ya mbele tu hadi ufike kwa mtu wa pancha.

Upande wa kodi, injini ya zamani ya Subaru inayoitwa ya lita mbili ina cc 1,994. Kwa viwango vilivyotumika miaka ya karibuni, gari la cc 1,001 hadi 2,000 linatozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 5, na likipita 2,000 ni asilimia 10. Cc sita tu zinakuokoa. Juu yake kuna ushuru wa forodha asilimia 25 na VAT asilimia 18. Kinachouma ni umri: gari la miaka minane hadi kumi linaongezewa asilimia 15, na lililozidi kumi asilimia 30. Kenya wamefunga mlango kabisa kwa gari lililozidi miaka minane. Sisi mlango uko wazi, unalipia tu kupita. Ndiyo maana Forester za mwaka 2002 hadi 2007, ambazo Kenya haiwezi tena kuziagiza, bado zimeendelea kushuka bandarini Dar es Salaam na kupanda hadi huku ziwani. Viwango hubadilika kila bajeti, kwa hiyo kabla ya kutuma hela ingia kwenye kikokotoo cha Mamlaka ya Mapato, TRA, ukaone cha mwaka huu.

Kwa wanaoapa kwamba wao ni watu wa Toyota na Subaru hawaigusi, kuna habari. Mwaka 2005 General Motors ya Marekani ilipouza hisa zake za Subaru, Toyota walinunua sehemu, wakaendelea kuongeza, na sasa wanashikilia asilimia 20. Mwaka 2012 kampuni hizo mbili zilitoa gari moja la michezo lenye majina mawili, Toyota 86 na Subaru BRZ. Injini yake imelala. Yaani Toyota, wakitaka gari linaloshika kona, walikwenda kuomba kwa jirani.

Hata hivyo Subaru imebaki kampuni ndogo. Miaka yake mizuri inauza kama magari milioni moja, wakati Toyota wanazungumzia milioni kumi. Huku kwetu udogo huo unaonekana dukani: spea ya IST unaipata kila kona ya Mwanza, ya Subaru mara nyingine unaagiza Dar na kungoja basi la kesho. Lakini udogo huohuo ndio unaowafanya wenye Subaru wafahamiane. Wakipishana barabara ya Shinyanga wanapigiana taa. Mmoja akikwama Usagara, mwingine anasimama, na ndani ya buti ana kulanti ya ziada na namba ya fundi anayeijua. Mtu mwenye gari lililo kama la kila mtu hana sababu ya kusimama.

Wakati naondoka pale Nyakato nilimuuliza fundi yeye mwenyewe anaendesha nini. Akacheka, akanyoosha spana kuelekea kwenye ukuta, ambako Forester ya kijani ilikuwa imekaa juu ya mawe mawili bila tairi la mbele.

"Ile pale, inangoja mkanda kutoka Dar. Ya mke wangu ni IST."

"Sasa wewe leo umekujaje?"

"Nimekuja na IST."